Ukipanda ambulensi mara ya kwanza, simu iache kwa begi

Niliwaambia naenda kukaa ndani ya ambulensi zamu nzima, kumi na mbili asubuhi hadi kumi na mbili jioni, na mkasema mnangoja video. Haiji. Wacha niwaeleze kwa nini. Na kwa kuwa wengine wenu mnasomea huduma ya kwanza na zamu yenu ya kwanza iko karibu, wacha pia niwaambie mtakachokutana nacho.

Kwanza, futa sinema zote kichwani. Masaa matatu ya mwanzo hatukuenda popote. Tulikagua vitu: mtungi wa oksijeni umebaki na kiasi gani, mashine ya kufyonza mate na damu inawaka, kola za shingo ni ngapi, glavu, bandeji, machela inafunguka bila kukwama. Nilidhani nimepewa hiyo kazi nisisumbue watu. Madam EMT akaniangalia tu akasema, "Usipoangalia sasa, utakitafuta mgonjwa akiwa mbele yako." Basi nikahesabu tena.

Pili, kula. Chai na mandazi mbili si utani, kwa sababu hujui utakula tena saa ngapi. Vaa viatu vya kufunika vidole. Ukiwa nyuma unakaa ubavu, gari likikata kona tumbo linakuuliza maswali. Funga mkanda. Na uliza mapema: nikae wapi, nisiguse nini, mkinihitaji mtaniitaje?

Simu ya kwanza ilitoka mtaa mmoja huku Eastlands. Maelezo yalikuwa "karibu na kanisa, geti ya bluu." Sasa nyinyi mnajua Eastlands. Makanisa ni mangapi? Geti za bluu ni ngapi? Tulizunguka mpaka mtoto mmoja akatokea barabarani akitupungia mkono. Kwa hivyo siku ukiita ambulensi, tuma mtu asimame njiani. Tafadhali.

Ndani tulimkuta mzee anatokwa jasho, anaongea vitu havieleweki. Majirani walikuwa wameshaamua amelewa. Madam akamdunga kidole, akapima sukari, ilikuwa imeshuka vibaya. Akamwekea dripu ya glukosi. Baada ya dakika chache mzee akafungua macho na kuuliza ni nani amemvua viatu. Hapo nilijisikia shujaa, na kazi yangu yote ilikuwa kushika tochi.

Ya pili ndiyo ilinimaliza.

Ajali ya bodaboda, Outer Ring Road. King'ora kinalia lakini magari hayana pa kwenda, matatu imejipachika kando yetu, na nyuma kuna Probox inatufuata ili ifaidike na njia tunayofunguliwa. Tulipofika, watu walikuwa wamemzunguka dereva wa boda. Wawili wameshamshika mikono na miguu wamtupe kwa gari lolote. Nia yao ilikuwa nzuri, lakini mtu aliyeanguka hivyo anaweza kuwa ameumia shingo, na ukimbeba kama gunia unaweza kumharibu maisha. Madam akapiga kelele, "Mwacheni hapo hapo! Msimbebe!"

Wengine wote walikuwa wameinua simu. Sitawadanganya, hata mimi. Mkono ulitoa simu wenyewe. Nilirekodi sekunde tisa.

"Kijana, weka hiyo kitu. Kuja ushike kichwa."

Nikapiga magoti kwa lami, nikashika kichwa chake pande zote mbili kama tulivyofundishwa darasani, kisiende kushoto wala kulia, huku wakimvalisha kola na kumfunga paja lililovunjika. Alikuwa ananiangalia juu chini. Aliniuliza jina langu. Nikamwambia. Akaniita hilo jina mpaka tukafika hospitali.

Huko nako tulingoja. Hakukuwa na kitanda, kwa hivyo akabaki kwenye machela yetu kwa korido, na bila machela sisi hatungeweza kwenda kwa mtu mwingine. Hiyo pia mjitayarishie, ndiyo sehemu ndefu zaidi ya kazi. Tukiwa hapo simu yake ikaanza kulia mfukoni. Akaniomba nimshikie sikioni.

Alikuwa bibi yake. Alikuwa ameona video kwa grupu ya WhatsApp. Ilimfikia kabla ya mtu yeyote kumpigia. Ilionyesha mguu, damu, na pikipiki aliyoitambua, ikaishia hapo. Hakuna aliyemwambia yuko hai au amepelekwa wapi. Alikuwa analia akiuliza, "Ni wewe unaongea? Ni wewe kweli?"

Haikuwa video yangu. Lakini ingekuwa.

Nilifuta zile sekunde tisa nikiwa kwa hiyo korido. Na tangu siku hiyo msimamo wangu ni mmoja: mgonjwa si kontenti. Hata uso ukifunikwa, nguo, viatu na pikipiki vinamjulisha mtu wake. Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya ya mtu kuwa data nyeti. Lakini hata bila sheria, jiulize: aliyelala kwa lami anaweza kukukataza?

Najua mtaniambia video zinasaidia. Watu huchanga, hospitali mbovu hufichuliwa. Ni kweli, na mimi mwenyewe nimechangia watu kwa njia hiyo. Lakini mchango hukusanywa familia ikijua na ikikubali. Ukitaka kufichua, mambo ya kurekodi yapo: ambulensi iliyokwama sababu hakuna anayesonga, Probox inayofuata king'ora. Kifungu cha 43 kinasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura, kwa hivyo piga kelele kuhusu korido zisizo na vitanda. Mtu wa bodaboda mwache apone kwanza, kisha mwulize kama anataka kusimulia. Hata mimi hapa nimemwacha bila jina wala sura.

Na ukikuta ajali na huna ujuzi, bado una kazi. Piga simu, taja mahali vizuri, zuia magari yasimkanyage, sukuma watu nyuma apate hewa. Na kama anaweza kuongea, muulize apigiwe nani.

Zamu yangu ya pili ni Jumamosi. Mandazi nitakula nne. Simu itakaa ndani ya begi, na begi nitamwachia dereva.