Hakuwa daktari, lakini wagonjwa wanatibiwa

Dikembe Mutombo aliondoka Kinshasa mwaka 1987 kwenda Marekani, akitaka kusomea udaktari. Urefu wake ukamvuta kwenye mpira wa kikapu. Alicheza NBA misimu 18 na kuchaguliwa mlinzi bora wa mwaka mara 4.

Mwaka 1997, vita ikiwa imefunga barabara, mama yake alifariki nyumbani Kinshasa bila kufika hospitali. Fedha zote za mwanawe hazikumsaidia. Dikembe akatoa mamilioni ya dola, na mwaka 2007 hospitali yenye jina la mama, Biamba Marie Mutombo, ikapokea wagonjwa jijini humo. Mwenyewe alifariki mwaka 2024.

Mzazi, mtoto akibadili njia usikate tamaa. Mfundishe tu kuwakumbuka aliowaacha nyumbani.