Mtoro Aulizwe Mapema

Jioni ya tarehe 2 Januari, 2015, Jiji la Dar es Salaam lilishikwa na taharuki, maduka yakafungwa na watu wakakimbilia majumbani mwao, kwa habari kwamba makundi ya vijana waitwao Panya Road yalikuwa yakipita mitaani yakipora. Na khofu ile ile ikarejea mwaka 2022, hata polisi wakafanya msako na vijana kadha wakatiwa mbaroni. Mara zote mbili watu waliuliza kwa ghadhabu serikali iko wapi, na wachache mno waliuliza swali linalotangulia hilo: vijana hawa waliacha lini kwenda shule, na ni nani aliyetambua?

Mtoto haingii katika uhalifu ghafla. Kwanza jina lake hukosa alama katika daftari la mahudhurio, siku moja, kisha wiki nzima. Mwalimu, ambaye darasa lake limefurika tangu ada na michango ya lazima vilipofutwa mwaka 2016, neema ambayo haitupasi kuikufuru, hana nafasi ya kumfuata. Mzazi ametoka alfajiri kwenda soko la Kariakoo au la Feri kutafuta riziki, akiamini mwanawe yuko darasani. Na jirani amwonaye kijiweni saa nne ya asubuhi, naye amevaa sare, hupita kimya kwa kuchelea kuambiwa amemwonea mtoto wa mwenziwe. Hivyo mtoto hupotea baina ya watu watatu, kila mmoja akidhani yu katika amana ya mwingine. Na pale kijiweni yupo mkubwa atakayemwita kwa jina, amlishe, na kumpa heshima asiyoipata penginepo.

Sheria ya Elimu ya 1978 imefaradhisha mahudhurio ya shule ya msingi, lakini sheria haiendi kubisha hodi. Wa kubisha hodi tunao: kila mtaa una mwenyekiti na wajumbe wajuao nani akaa nyumba ipi. Rai yangu ni kwamba kila Ijumaa mwalimu mkuu ampelekee mwenyekiti majina ya waliokosa siku tatu, na kabla ya Jumatatu mtu mzima mwenye kuheshimika, awe mjumbe, mwalimu wa madrasa au mzee wa kanisa, afike nyumbani kwa mtoto, si kwa fimbo wala kwa vitisho vya mahakama, bali kwa kuuliza kulikoni. Mara nyingi ataambiwa kwamba sare imechanika, au mama ni mgonjwa na mtoto amebaki kulea wadogo zake, au, jambo ambalo watoto hulificha kuliko yote, kwamba yuko darasa la tano na hajui kusoma, naye amechoka kufedheheka mbele ya wenziwe.

Tukichelewa, hubaki mahakama ya watoto iliyowekwa na Sheria ya Mtoto ya 2009, na shule ya maadilisho ya Irambo, mkoani Mbeya, zaidi ya kilomita 800 kutoka Dar es Salaam. Mama auzaye samaki Feri atakwenda kumzuru mwanawe huko mara ngapi, ilhali nauli ya kwenda na kurudi safari moja ingetosha kumnunulia sare mpya?