Lenzi ya Zumu au Telekonveta?

Chama cha wapiga picha cha shule kikipata fedha kidogo, swali huzuka: inunuliwe lenzi ya zumu ya kuvuta vitu vya mbali, au telekonveta, yaani kipande chenye vioo kifungwacho kati ya kamera na lenzi yake? Wengi huamua kwa bei. Kwa maoni yetu, jambo la kupimwa kwanza ni mwanga.

Telekonveta ya mara 2 huifanya lenzi ya milimita 200 iwe kama ya milimita 400. Lakini mwanga uleule sasa hutandazwa juu ya eneo kubwa mara 4. Hivyo kila sehemu ya picha hupata robo tu. Picha iliyohitaji sekunde 1/500 itahitaji 1/125, na ndege arukaye atatoka kama ukungu. Tena, kasoro za lenzi hukuzwa pamoja na picha.

Mwezi, hata hivyo, hung'aa vya kutosha wala hauna haraka. Kwa lenzi ya milimita 200 taswira yake ndani ya kamera huwa na kipenyo cha karibu milimita 2. Kwa telekonveta hukaribia 4. Basi shule yenye lenzi moja nzuri, na yenye hamu ya kuchunguza anga, inunue telekonveta. Ile ifuatiliayo ndege na wanyama wakati wa jioni ivumilie, idundulize fedha mpaka ipate zumu yenye tundu pana. Hesabu hizi wanafunzi waweza kuzifanya wenyewe darasani, kabla senti moja haijatumika.