Kufunga dirisha si kutoka: Kompyuta ya sebuleni na hasara ya mfanyabiashara

Bei za hisa na hati fungani msomaji atazikuta kwenye jedwali kama kawaida. Safu hii wiki hii inatoka sokoni na kuingia sebuleni, kwani huko ndiko kwa wengi wetu iliko kompyuta inayotumika kuagiza mzigo, kusoma taarifa ya benki na kumwandikia dalali wa hisa baada ya duka kufungwa.

Mfanyabiashara mmoja wa vipuri vya magari, ambaye nilikuwa nikimsaidia kuandika vitabu vya hesabu wakati wa likizo za chuo, mwaka jana alipoteza amana ya kontena zima. Mzigo ulikuwa unatoka Guangzhou. Kwa desturi ya biashara hiyo mnunuzi hutanguliza asilimia 30 ili kiwanda kianze kazi, na asilimia 70 hulipwa kabla nyaraka za meli hazijaachiliwa. Profoma ilimfikia kwa barua pepe, katika mfululizo uleule wa barua alizokuwa akiandikiana na muuzaji kwa miezi mingi, ila safari hii namba ya akaunti ilikuwa mpya, pamoja na maelezo mafupi kwamba ile ya zamani iko kwenye ukaguzi. Akalipa. Siku nane baadaye muuzaji halisi akauliza mbona kimya.

Nilipokwenda kumpa pole alikuwa na uchungu wa mtu anayeona ameonewa. "Kijana wangu," aliniambia, "neno langu la siri lina herufi kumi na sita. Halijaandikwa popote. Hata mama watoto halijui." Na alikuwa anasema kweli. Neno la siri halikuibwa na mtu yeyote.

Fundi aliyeikagua kompyuta alikuta mchezo wa mpira ambao mwanawe wa kidato cha tatu aliushusha kutoka mtandaoni, ule wa "kuvunjwa" ili usilipiwe. Ndani yake kulikuwa na programu ya wizi. Na barua pepe ya baba ilikuwa wazi kwenye kivinjari, kama ilivyokuwa wazi usiku na mchana kwa karibu miaka miwili. Kila jioni mzee alifunga dirisha na kuzima skrini, akidhani ametoka.

Kosa hili ni la wengi, hivyo inafaa tueleze linavyotokea. Tovuti kwa asili haina kumbukumbu. Kila unapofungua ukurasa, kompyuta ya upande wa pili inakuona kama mgeni aliyewasili sasa hivi. Mwaka 1994 mhandisi wa kampuni ya Netscape ya Marekani, Lou Montulli, alilitafutia tatizo hilo dawa, na sababu ilikuwa ya kibiashara kabisa: mteja wao alitaka duka la mtandaoni litakalokumbuka mnunuzi ameweka nini kwenye kapu. Akabuni kuki, yaani kipande kidogo cha maandishi ambacho tovuti hukiacha kwenye kompyuta yako na kukisoma tena kila unaporudi. Kuki hizohizo zikaja kupewa kazi ya kubeba uthibitisho kwamba umeshaingia. Unaandika neno la siri mara moja, unapewa tiketi, na kuanzia hapo mlinzi wa geti huangalia tiketi tu.

Mwizi akinakili tiketi hiyo hana haja ya neno la siri. Mara nyingi hana haja hata ya namba ya uthibitisho inayotumwa kwenye simu, maana namba huulizwa getini na yeye yuko ndani. Machi 2023 kampuni ya Kanada inayoendesha chaneli ya Linus Tech Tips kwenye YouTube, yenye wafuatiliaji zaidi ya milioni 15, ilinyang'anywa chaneli hiyo kwa njia hii baada ya mfanyakazi mmoja kufungua faili lililofanana na barua ya mdhamini. Hao ni watu ambao kazi yao ni kuzungumzia kompyuta.

Kufunga dirisha hakuifuti tiketi. Inabaki kwenye mashine, na kwa huduma nyingi za barua pepe inabaki hai kwa muda mrefu sana. Kitufe cha kutoka, kwa tovuti iliyojengwa vizuri, huiambia tovuti iibatilishe tiketi upande wake. Atakayekuwa na nakala baada ya hapo amebaki na karatasi. Tofauti ni ileile iliyopo kati ya kuondoka dukani na kufunga duka.

Kuna sehemu ya pili ya hasara ya mzee huyu ambayo imenisumbua zaidi, kwa sababu ilitokea baada ya yeye kushtuka. Jioni ileile alibadili neno la siri. Alilibadili akiwa kwenye kompyuta ileile yenye ugonjwa, na hakubonyeza palipoandikwa kutoka kwenye vifaa vyote. Siyo kila huduma humtoa aliyekwishaingia pale neno la siri linapobadilishwa. Siku mbili baadaye wateja wake wawili wa mikoani wakapata ujumbe, kutoka anwani yake halisi, ukiwataka walipie madeni yao kwenye akaunti nyingine. Utaratibu ulipaswa kuwa kinyume: kwanza kushika kifaa kingine kilicho safi, kuingia kwenye mipangilio ya akaunti, kutazama orodha ya vifaa vilivyoingia na kuviondoa vyote, ndipo abadili neno la siri na kukagua kama kuna agizo la siri la kupeleka nakala za barua kwa mtu mwingine. Kisha, bila kuchelewa, kuwapigia simu muuzaji, benki na wateja.

Msimamo wangu ni kwamba wafanyabiashara wameshauriwa upande mmoja tu. Tumeimbiwa neno la siri refu, lenye namba na alama, hadi mtu anaona akishakuwa nalo amemaliza. Kuhusu kutoka hakuna anayesema kitu, na kompyuta ya nyumbani, ambayo tunaiamini kuliko ya mgahawa wa intaneti, ndiyo inayoshikwa na watu wengi na kukaguliwa na mtu asiyekuwepo. Kwenye mgahawa angalau mtu hukumbuka kutoka kwa sababu anamwona anayesubiri kiti.

Wapo watakaonijibu kwamba kuingia na kutoka mara kwa mara ni usumbufu, na kwamba kila unapoandika neno la siri unalihatarisha upya. Hoja ya pili ina uzito. Programu ya wizi iliyojificha inaweza kusubiri na kurekodi kila herufi unayobonyeza, na kitufe cha kutoka hakitibu kompyuta iliyoambukizwa. Lakini nyingi za programu hizi huchukua zinachokikuta saa hiyo, yaani kuki zilizo hai na maneno ya siri yaliyohifadhiwa kwenye kivinjari, kisha huondoka. Zikikuta patupu, umepona au umepata muda. Wala sisemi mtu atoke kwenye tovuti ya matokeo ya mpira. Nazungumzia benki, dalali wa hisa, akaunti za kodi na, kabla ya zote, barua pepe, kwa kuwa ndiyo inayotumiwa kubadilishia maneno ya siri ya nyingine zote.

Aidha, mengine hayana gharama. Windows inaruhusu kila mwanafamilia awe na akaunti yake. Watoto wapewe isiyo na mamlaka ya kuweka programu, na ya biashara iwe na neno lake la siri. Ukiinuka kupokea simu, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na L, skrini inajifunga. Kile kisanduku kinachouliza kama ukumbukwe kisiwekwe alama kwenye tovuti ya fedha. Anwani ya benki iandikwe kwa mkono au ihifadhiwe kwenye kivinjari, isifuatwe kutoka kwenye ujumbe au tangazo. Alama ya kufuli haithibitishi uaminifu wa mwenye tovuti: inaonyesha tu kwamba mazungumzo yenu yamefichwa njiani, na matapeli nao wanayo. Na wenye mashine za zamani wafahamu kwamba Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, hivyo kompyuta isiyojiandikisha kwa nyongeza ya muda haizibwi tena matundu yanayogunduliwa.

Nina neno pia kwa benki na madalali. Mara nyingi nasikia wateja wakilalamika kwamba tovuti ya benki huwatupa nje baada ya dakika chache za ukimya. Binafsi naona benki iko sahihi na mlalamikaji amekosea. Wanaostahili lawama ni wale wanaomwacha mteja ndani siku nzima, na wasiomwonyesha aliingia lini mara ya mwisho na kutoka kifaa gani. Mwekezaji anayechagua dalali huuliza kamisheni ni asilimia ngapi. Aulize na hili.

Ukubwa wa jambo lenyewe si wa kubahatisha. Kwa mujibu wa taarifa ya FBI ya Marekani, hasara zilizoripotiwa kwake kutokana na utapeli wa barua pepe za biashara kwa mwaka 2023 pekee zilifikia takriban dola bilioni 2.9. Kwetu Tanzania, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inalifanya kosa la jinai jambo la kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila ruhusa. Hilo linasaidia mshtakiwa akikamatwa. Fedha zilizokwishahamishiwa nchi nyingine ni habari tofauti.

Mzee wa vipuri amenunua kompyuta ndogo iliyotumika, anaifungia kwenye kabati la duka pamoja na vitabu vya risiti, na namba yoyote mpya ya akaunti anaithibitisha kwa simu, kwa namba ya muuzaji aliyokuwa nayo tangu zamani. Kontena lake lilifika mwezi wa nne, kwa amana ya pili ambayo alikopa. Ile ya kwanza haijarudi.