Kutoka Maua hadi London ni saa ngapi?

Mwulize mwanafunzi umbali wa Nairobi hadi London, atakujibu kuwa ni kama kilomita 6,800. Jibu ni sawa. Lakini mkulima wa Igembe, kule Meru, aliipima safari hiyo kwa saa. Miraa ikishachumwa hupoteza nguvu baada ya siku mbili hivi, na ikinyauka haina mnunuzi.

Hebu msomaji tupige hesabu. Ndege kubwa ya abiria huenda kama kilomita 900 kwa saa. Gawanya 6,800 kwa 900, utapata saa 7 na nusu. Mbona basi safari huchukua karibu saa 9? Ni kwa sababu ndege hupaa polepole, hupunguza mwendo kabla ya kutua, haifuati njia iliyonyooka kama uzi, na pengine hupambana na upepo.

Tiketi nayo ina mtego wake. Ukiondoka Nairobi saa 6 usiku na kusafiri saa 9, huku nyumbani itakuwa saa 3 asubuhi. London, wakati wa baridi, iko nyuma kwa saa 3, hivyo huko utakuta ni saa 12 asubuhi. Usidhani umesafiri saa 6 tu!

Tena, muda wa ndege si muda wa safari. Miraa ilichumwa asubuhi, ikafungwa kwa majani ya migomba na kupakiwa katika pikapu huko Maua. Kutoka hapo hadi Nairobi, kupitia Chuka na Embu, ni karibu kilomita 300. Ndege haimngoji mtu, wala mwenye mzigo hawezi kumhimiza rubani. Basi dakika zilizopotea shambani zilitafutwa barabarani. Wakazi wa Meru na Embu wanazijua mbio za pikapu hizo, na wapo waliozika jamaa zao kwa sababu yake.

Uholanzi ilipiga miraa marufuku mwaka 2013, na Uingereza ikafuata Juni 2014. Soko kubwa likabaki Somalia, ambayo nayo ilifunga mlango Machi 2020 na kuufungua tena Julai 2022. Nairobi hadi Mogadishu ni kama kilomita 1,000, safari ya ndege ya saa 2 hivi. Safari ya angani imepungua sana, lakini barabara ya Maua haijapungua hata hatua moja.

Kwa hivyo, awe ni mwenye mzigo au mzazi anayemsindikiza mwanawe ng'ambo, na ahesabu kuanzia mwisho. Ndege ni ya saa 6 usiku? Fika uwanjani saa 3. Barabara itahitaji saa 6? Ondoka Maua kabla ya saa 9 alasiri. Aliyechelewa kung'oa nanga nyumbani asiende kuzidai dakika zake katika kona za Embu. Huko hulipwa kwa damu.