Tepu juu ya tepu si kutengeneza

Wandugu, leo tunataka kuongea juu ya kitu ambacho wengi hatukiangalii mpaka piki izime njiani: zile nyaya zinazopita chini ya tanki, na ganda lake. Fungu lote mafundi wanaliita wayaringi. Inua tanki la Boxer ya zamani hapa Rugaaga, iwe ya Mkongo, ya Mrundi au ya mwenyeji wetu Munyankole, mara nyingi utakuta kitu kile kile. Tepu nyeusi juu ya tepu nyeusi, imevimba kama mguu uliofungwa bandeji mara tatu bila mtu kuosha kidonda.

Msimamo wetu ni huu: kufunga tepu mpya juu ya ganda lililooza si kazi ya fundi, na isilipwe kama kazi ya fundi. Tunajua itawaudhi baadhi, na wengine kati yao tunakunywa nao chai. Lakini hii inagusa mkate wa watu na maisha ya watu, tusioneane haya.

Kwanza tuelewe ganda linakufaje. Lile la kiwandani ni plastiki. Likiwa jipya linapinda vizuri kwa sababu wamechanganya ndani yake mafuta ya kulilainisha. Jua na joto la injini vinayatoa mafuta hayo pole pole, mwaka baada ya mwaka, mpaka ganda linakuwa gumu kama biskuti. Ukilikunja linapasuka. Halafu barabara zetu zinamalizia kazi. Piki inatoka Base Camp mpaka huku na mikungu miwili ya matoke na abiria juu yake, kila shimo linatikisa nyaya zikisuguana na chuma cha fremu. Kiangazi vumbi jekundu linaingia kwenye nyufa na kusaga kama msasa. Mvua za Machi zikianza, maji yanafuata njia ile ile ya vumbi.

Sehemu inayokufa mapema ni shingoni, pale nyaya zinapotoka kwenye fremu kwenda kwenye taa ya mbele. Kila unapokata kona zinakunjwa, kila unaporudi zinanyooshwa. Hesabu kona ngapi kwa siku moja kwenda Mbarara na kurudi.

Sasa dereva anakuja, taa inawaka na kuzima. Maneno yake tunayajua wote: "Mukubwa, funga tu tepu hapo, abiria wangu amesimama." Na fundi, kwa kuwa naye anataka chakula cha jioni, anafunga. Dakika tano. Taa inawaka, wote wanacheka, pesa inatoka.

Ndani ya ile tepu nini kinaendelea? Gundi yake inayeyuka kwa joto la injini, inateleza, inakamata vumbi. Maji yaliyoingia hayana pa kutokea. Shaba inaanza kuwa nyeusi au kijani, na umeme unapita kwa shida. Taa inafifia, indiketa zinapepesa kivivu, honi inalia kama mbuzi mgonjwa. Dereva anaambiwa betri imekufa. Ananunua betri. Wiki mbili, ugonjwa umerudi. Kumbe betri ya kwanza ilikuwa nzima, na pesa ya tajiri ya siku kadhaa imeshaondoka.

Hilo ni la mfukoni. La hatari ni nyaya mbili zilizovuka ganda zikigusana, au moja ikigusa fremu. Balbu ya wati 35 kwenye umeme wa volti 12 inakula ampea karibu 3 tu. Waya uliogusa chuma unavuta mara nyingi zaidi ya hapo kwa sekunde moja, na waya mwembamba unakuwa mwekundu kama wa pasi. Fyuzi imewekwa kwa ajili ya dakika hiyo: ikatike yenyewe, waya upone. Lakini ni piki ngapi za steji zetu bado zina fyuzi ya kweli? Tumeona karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara. Tumeona uzi wa shaba umesokotwa mara tatu. Wanaita "dairekti" na wanajisifia. Ukiwa umepiga dairekti, na ganda limeoza, na juu yake kuna tanki linalovuja kidogo kwenye bomba, wewe unabeba moto katikati ya magoti.

Na usiku. Kwa vijiji vingi vya huku, boda ndiyo ambulensi. Mama akishikwa na uchungu saa nane za usiku, anapelekwa kituo cha afya kwa piki. Taa ikizima kwenye mteremko, hapo hakuna wa kumwambia "funga tu tepu".

Kazi yenyewe haihitaji maajabu. Inahitaji muda na uvumilivu. Toa negativu ya betri kwanza. Ondoa kiti, ondoa tanki, piga picha ya nyaya kwa simu kabla hujagusa kitu, maana rangi za piki iliyopita mikono minne haziaminiki. Tepu yote ya zamani itoke, hata ile inayoonekana nzima. Pasua ganda kwa urefu wake, usikate kwa kuzungusha, kisu kitaingia kwenye waya. Gundi iliyobaki ifute kwa kitambaa chenye petroli kidogo, mbali na jiko, na uache ikauke kabisa. Kisha angalia waya mmoja mmoja kwa jicho na kwa kidole, ukiukunja taratibu. Ambao ngozi yake imepasuka kidogo unaweza kuvishwa mrija. Ambao shaba yake imekuwa nyeusi, kata mpaka ufike kwenye shaba inayong'aa na uunge kipande kipya cha unene ule ule. Waya mwembamba wa redio kwenye njia ya taa ni kujidanganya.

Kuunga tunashauri kwa risasi, kama wanavyofanya mafundi redio. Chuma cha kulehemu kinachopashwa kwenye makaa kinatosha, umeme si kisingizio. Viungo visikae vyote sehemu moja, kimoja huku, kingine sentimita chache mbele, ndiyo vikikosa ngozi visigusane. Na kiungo kisiwekwe shingoni hata siku moja, risasi haipendi kukunjwa, inavunjika pembeni yake.

Hapo sasa ndipo tepu inapata heshima yake. Ile ya kiwandani iliyozungushwa kwenye wayaringi mara nyingi haina gundi, inashikwa mwisho tu, kwa hiyo nyaya zinaweza kuteleza ndani piki ikitikisika. Huku kuipata ni bahati. Wengi tunatumia mpira wa tyubu ya baiskeli, umekatwa utepe, na hatuoni aibu: unapinda, unavumilia mtikisiko, na baiskeli zilizokufa hazikosekani. Ila usiuweke karibu na kichwa cha injini wala mahali petroli inapodondokea, utalainika na kuoza. Pale weka mrija wa plastiki unaovumilia joto. Anza kuzungusha kutoka chini kwenda juu, kila duru ifunike nusu ya ile ya kwanza, kama mabati ya nyumba, maji yateremke nje. Shingoni legeza, pindua usukani kushoto mpaka mwisho, kulia mpaka mwisho, uone hakuna waya unaovutwa. Acha tundu dogo mahali pa chini kabisa, maji yakiingia yapate mlango. Mwisho fyuzi mpya, kiwango kile kile cha kiwanda.

Hiyo ni nusu siku, pengine siku nzima kama piki imechoka sana. Na hapa ndipo ugomvi wetu ulipo. Roli ya tepu ni pesa kidogo, na dereva anadhani anachonunua ni tepu. Hawezi kuelewa kwa nini fundi anaomba zaidi kwa "tepu ile ile". Kwa hiyo mafundi vijana waliojifunza vizuri wanalazimika kushindana na wa dakika tano, na wanashindwa. Tunasema waache kushindana. Wamwonyeshe mteja waya mweusi mkononi, wamwambie bei ya kazi kabla ya kufungua tanki, na asiyetaka aende kwa mwingine kwa amani.

Wengine watasema: tupa wayaringi yote, nunua mpya. Kama ya kweli na pesa ipo, sawa. Lakini nyingi zinazouzwa kwa bei rahisi shaba yake ni chache, nyaya nyembamba, soketi zinalegea mwezi wa pili. Ya zamani iliyosafishwa vizuri mara nyingi inaishinda.

Na matajiri wa piki, nanyi tuwaambie. Dereva anawaletea pesa kila jioni, piki ni yenu, wayaringi ni yenu. Mkimkata siku aliyoiacha gereji, mnamfundisha kufunga tepu na kukimbia. Siku hiyo moja kwa mwaka, kabla ya mvua za Septemba, iwe yenu. Wenye mafunzo ya ufundi pia: kijana asipewe cheti cha piki kama hajawahi kuvua wayaringi nzima na kuirudisha ikawaka. Injini anaisikia ikilia. Waya unaharibika kimya.

Jumamosi tutakuwa chini ya mwembe nyuma ya soko na Boxer moja tuliyoivua tanki. Anayetaka kuona ndani ya bandeji aje, na aje na tyubu yake ya baiskeli, ya kwetu haitatosha.