Deni lisilokwisha



Mwezi huu tuzungumuze juu ya biashara ya watu. Wengi wanafikiri ni mambo ya zamani. Ni kweli, babu zetu waliiona hapa hapa: kule Bunkeya, kwa mwami Msiri, watu walikuwa wakiuzishwa pamoja na pembe za tembo na shaba, na bunduki na vitambaa vikaingia. Msiri aliuawa katika 1891. Lakini muuza watu hakufa pamoja naye. Alibadilisha nguo tu.

Leo haji na minyororo. Anakuja na salamu. Anakunywa maji, anauliza habari ya wakubwa, kisha anasema: «Mama, unipatie huyu mutoto. Ku Kolwezi kazi iko, na masomo nitamulipia. Nitamuchunga sawa mutoto wangu.» Mara nyingi ni mutu tunayemujua: jirani, shemeji, mutu wa kwetu. Yosefu naye, ni ndugu zake waliomuuzisha.

Namna gani tutamutambua? Mapatano ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2000 yanaonyesha mambo matatu. La kwanza: kumuchukua mutu, kumusafirisha ao kumupokea. La pili: kutumia uongo, nguvu, vitisho ao umasikini wake. La tatu: kusudi la kumutumikisha kwa faida ya mwingine, sawa vile kazi ya nguvu ao ukahaba. Lakini kwa mutoto asiyetimiza miaka 18, hata kama hakuna uongo wala nguvu, kosa ni lile lile. Mutoto akisema «nilipenda mwenyewe», ile haimuondolei mukubwa kosa.

Ku mashimo, kamba yenyewe ni deni. Kijana anafika mikono mitupu. Mutu wa feza anamupa chakula, nyundo, tochi na pa kulala, anaandika yote katika kaye. Mawe atakayotoa atayauzisha kwa yule tu, kwa bei ya yule. Tuseme siku ya hesabu mufuko umeleta 30 000, na kaye inaonyesha 45 000. Mwezi unaofuata, deni limepanda tena. Akitaka kurudi kwao: «Lipa kwanza.» Mulango uko wazi, lakini hawezi kutoka. Binti naye anaitwa kuuzisha chakula karibu na mashimo, kisha anaambiwa deni la safari atalilipa na mwili wake.

Inchi yetu iko na sheria: ile ya 10 Januari 2009 inalinda mutoto, na ile ya 26 Desemba 2022 inaazibu biashara ya watu. Lakini sheria haisimami ku mulango wa nyumba yako. Wewe ndiwe unasimama pale.

Basi, mbele ya kuachilia mutoto aende:

– Uliza jina ya masomo na adresi ya nyumba, na mukubwa mumoja wa jamaa aende kuona kwa macho yake.

– Mutoto ashike kwa kichwa numero ya simu ya nyumbani.

– Karte yake asimuachie mutu mwingine.

– Usipokee feza juu yake. Ile feza ndiyo itakuwa mwanzo wa deni lake.

Na wewe kijana, mutu akikuambia «usiseme kwa wazazi», safari ile imekwisha kuharibika.

Neno moja la mwisho. Wengi wanabaki kule sababu ya haya: walitoka na sherehe, watarudi namna gani bila kitu? Mutoto akirudi, tusimuulize kwanza feza iko wapi. Mumupe maji ya kuoga, mumupe bukari, alale. Kesho mutaongea.

Maulizo ya kuzungumuza nyumbani
1. Katika kartie yetu, kuko mutoto anayekaa kwa watu na haendi ku masomo? Nani amemutembelea?
2. Mutoto wetu akikwama mbali, anajua kwamba tutamupokea?